Sura ya Saba: Ramli Iliyosibu

Mwaka 1950 mawakala wa kampuni ya vitabu ya Macmillan, ya New York, walikutana na jambo wasilolizoea. Walibisha hodi kwa maprofesa waliokuwa wateja wao wa siku nyingi, watu wa kuagiza vitabu vya kiada kwa darasa zima, wakaambiwa mwenye ofisi hana nafasi ya kuwaona. Vitabu vyao vya fizikia havikuwa na kosa lolote jipya. Ugomvi ulikuwa juu ya kitabu kimoja tu, Worlds in Collision, kilichotoka tarehe 3 Aprili mwaka huo, na baadhi ya walioanzisha ugomvi huo hawakuwa wamekitia machoni.

Mwandishi wake hakuwa mtu wa nyota. Immanuel Velikovsky alizaliwa mwaka 1895 huko Vitebsk, mji ulioko Belarusi ya leo, akasomea udaktari Moscow, kisha akafanya kazi Palestina akitibu maradhi ya nafsi kwa njia za wafuasi wa Freud. Mwaka 1939 alikwenda New York na familia yake ili amalizie utafiti wa kitabu juu ya Freud na mashujaa wake wa kale, akiwemo Farao Akhenaton. Vita vikazuka, akabaki huko huko. Mwaka uliofuata likamjia swali ambalo halikumwachia tena: ikiwa mapigo ya Misri yanayosimuliwa katika Biblia yalitokea kweli, ni kitu gani katika maumbile kilichoyaleta, na mataifa mengine yaliyaona? Akaanza kwenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, akaenda na kurudi kwa takriban miaka kumi.

Alichotoka nacho nakisimulia kama alivyokisimulia mwenyewe, bila kukifanyia mzaha, maana alikuwa msimulizi hodari.

Zamani, anasema, Zuhura haikuwepo miongoni mwa sayari. Ilitapikwa na Mshtarii, ikatoka mbio kama nyota yenye mkia, na yapata mwaka 1500 KK ikapita jirani kabisa na Dunia. Vumbi lake jekundu likaangukia mito, Nile ikawa damu. Mawe yakanyesha. Dunia ikapunguza mwendo wake wa kujizungusha, bahari ikajitenga, Waisraeli wakavuka. Mkiani mwa nyota hiyo mlijaa michanganyiko ya kaboni na haidrojeni: sehemu ikaanguka kama mafuta yanayowaka, sehemu ikageuka chakula, na hiyo ndiyo mana ya jangwani. Miaka 52 baadaye Zuhura ikarudi, na Yoshua akaliona jua limesimama. Karne kadhaa zikapita, Zuhura ikaisukuma Mirihi kutoka njia yake, nayo Mirihi ikaja kuihangaisha Dunia kati ya mwaka 747 na 687 KK. Mwaka wetu, uliokuwa na siku 360, ukawa na siku 365 na robo. Kisha kila sayari ikatulia mahali ilipo leo, na watu wakasahau.

Hilo la kusahau ndilo kiungo cha mambo yote. Ushahidi wa Velikovsky ulikuwa hadithi za kale: za Wayahudi, Wababeli, Wahindi, Wachina, Wamaya. Taifa likisimulia moto kutoka mbinguni, aliandika kwamba limeona. Taifa lisiposimulia, alisema hofu ilikuwa kubwa mno hata wanadamu wakaizika kumbukumbu yenyewe, kama mgonjwa anavyozika kisa cha utotoni asichoweza kukistahimili. Hapo daktari wa nafsi alikuwa amerudi kazini. Lakini nadharia inayoshinda watu wakisema na kushinda wakinyamaza haina namna ya kushindwa, na kwangu mimi hiyo si sifa. Tena hakuwa mwangalifu sana hata na hizo hadithi. Mungu wa kike Athena, aliyechomoka kichwani mwa Zeus, kwake ni Zuhura ikichomoka ndani ya Mshtarii. Wagiriki wenyewe, waliomwabudu Athena, sayari ya Zuhura waliipa Afrodite.

Msomaji wa Kiswahili, awe amekulia msikitini au kanisani, anaweza kuvutwa haraka na kitabu hiki. Kisa cha Musa na Firauni tunacho wote, na hapa ametokea msomi wa kusema kwamba kilitokea hasa. Nashauri apunguze furaha kidogo. Katika masimulizi ya Velikovsky, bahari inapasuliwa na uzito wa sayari iliyopita njia, na Musa bahati yake ni kufika ufukweni saa ileile.

Habari za kitabu zilianza kuvuma Januari 1950, jarida la Harper's lilipochapa makala iliyokitangulia. Harlow Shapley, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard, akaandika barua kwa Macmillan kuuliza kampuni yenye heshima yake imepatwa na nini. Shapley hakuwa mtu mdogo: ndiye aliyeonyesha kwamba Jua letu halipo katikati ya kundi letu la nyota bali pembeni huko. Mwenzake Cecilia Payne-Gaposchkin, aliyegundua kwamba nyota kwa sehemu kubwa kabisa ni haidrojeni, aliandika ukosoaji wake wa kwanza akitegemea ile makala ya jarida. Alichosema juu ya fizikia kilikuwa sahihi. Ila kukosoa kitabu kabla ya kukisoma ni kumpa mwenye kitabu fimbo ya kukuchapia, na Velikovsky aliitumia fimbo hiyo kwa karibu miaka 30.

Kilichofuata kiliwaharibia wanasayansi zaidi. Kitabu kilikuwa kinaongoza kwa mauzo, na baada ya miezi miwili hivi Macmillan, kwa kuogopa kupoteza soko la vyuo, wakakikabidhi kwa kampuni ya Doubleday ambayo haikuwa na idara ya vitabu vya kiada. James Putnam, mhariri aliyekileta na ambaye alikuwa Macmillan kwa robo karne, akaachishwa kazi. Gordon Atwater, msimamizi wa jumba la nyota la Hayden huko New York, aliyekuwa ameandika kwamba kitabu kisikilizwe na aliyekusudia kuandaa onyesho kukihusu, naye akaondolewa. Kuanzia siku hiyo swali la kama Zuhura ilitoka Mshtarii likafunikwa na swali jingine: kama hawa jamaa wana hakika na hesabu zao, wanaogopa nini? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hata Albert Einstein, aliyekuwa jirani wa Velikovsky huko Princeton, hakukubali nadharia yenyewe lakini hakupendezwa na namna mwenyewe alivyotendewa. Walikutana na kuandikiana mara nyingi, na inasimuliwa kwamba Einstein alipofariki Aprili 1955 kitabu hicho kilikuwa kimefunguliwa mezani kwake.

Sasa tuje kwenye ramli. Katika kitabu chake Velikovsky aliandika kwamba Zuhura lazima iwe ya moto, kwa kuwa ni changa na imepitia misukosuko. Oktoba 1953, katika mhadhara huko Princeton, akaongeza kwamba Mshtarii huenda inatoa mawimbi ya redio. Mapema mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin walitangaza kwamba antena zao huko Maryland zimenasa mawimbi ya redio kutoka Mshtarii; hawakuwa wakiyatafuta. Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Kimarekani Mariner 2 kikapita karibu na Zuhura na kuthibitisha kwamba uso wake unaunguza. Mwezi huo huo jarida la Science likachapa barua ya Valentine Bargmann, mwanafizikia wa Princeton, na Lloyd Motz, mwanaastronomia wa Columbia. Walisema hawakubaliani na nadharia ya Velikovsky, ila haki ni haki: mambo haya mawili aliyasema mapema.

Ukitaka kujua kwa nini wanafunzi wa vyuo vya Marekani walimshangilia mzee huyu katika miaka ya 1960 na 1970, jibu ni Zuhura hiyo ya moto. Mabingwa walimtukana, chombo kikaenda kuangalia, kikarudi na jibu lake yeye. Nani asiyependa kisa cha namna hiyo?

Mpiga ramli naye hukumbukwa kwa ramli moja iliyosibu. Zile zilizokwenda upande hakuna anayezihesabu.

Tuitazame hiyo iliyosibu kwa karibu. Zuhura, ile ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Ng'andu, ina joto la nyuzi 465 hivi za Selsiasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, kwa hiyo kipande cha risasi kikiwekwa juu ya mwamba kule kitatiririka. Uzito wa hewa yake ni kama mara 90 ya hewa tunayoishi ndani yake, sawa na kukaa mita 900 chini ya bahari. Chombo cha Kisovieti Venera 7 kilitua huko Desemba 1970 na kutuma ishara hafifu kwa dakika 23 hivi. Venera 13, kilichotua Machi 1982, kilijengwa kama chungu cha chuma, nacho kilidumu dakika 127 kabla ya kunyamaza.

Joto hili linatoka wapi? Velikovsky alijibu: ni joto la uzazi na la migongano, bado halijapoa. Kuna jibu la pili, na lilikuwepo kabla ya kitabu chake. Mwaka 1932 Walter Adams na Theodore Dunham, wakiwa Mlima Wilson, California, waligundua kwa kuuchambua mwanga wa Zuhura kwamba hewa yake imejaa hewa ukaa. Mwaka 1940 Rupert Wildt akapiga hesabu akaonyesha kwamba hewa ukaa nyingi namna hiyo ingetosha kupandisha joto la sayari kupita kiwango cha maji kuchemka. Blanketi halina moto wake. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Hewa ukaa huruhusu mwanga wa Jua uingie, halafu joto linaporudi kutoka ardhini likielekea angani, hulizibia njia. Na hewa ya Zuhura ni hewa ukaa kwa asilimia 96. Mwaka 1956, miaka sita kabla ya Mariner 2, wataalamu wa maabara ya jeshi la majini mjini Washington waliipima Zuhura kwa darubini ya redio wakapata nyuzi zaidi ya 300. Carl Sagan, kijana wakati huo, akaendeleza hesabu ya blanketi mwaka 1960.

Kwa hiyo tuna watu wawili waliosema «moto». Mmoja alisema «moto» bila kutaja hata nyuzi moja. Mwingine alionyesha njia ya kulifikia joto hilo. Kuwatenganisha hakuhitaji kelele, kunahitaji kuuliza kila mmoja kingine kinachofuata kutokana na alichosema. Kama joto ni la uzazi, Zuhura ingekuwa inatoa joto jingi kuliko linaloingia kutoka kwenye Jua, mithili ya jiwe lililotolewa jikoni. Vipimo vinaonyesha kwamba joto inalolipokea na lile inalolitoa hukaribiana. Kama ilikuwa nyota yenye mkia wa mafuta, mawingu yake yangejaa mafuta hayo. Katika miaka ya 1970 ikathibitika kwamba mawingu hayo ni matone ya asidi ya salfa. Na kama uso wake ungekuwa na umri wa miaka 3,500 tu, ungekuwa karibu hauna makovu. Chombo Magellan, kilichoipima Zuhura kwa rada kuanzia mwaka 1990, kilihesabu mashimo ya vimondo yapata elfu moja, makubwa na yaliyotawanyika pande zote. Mashimo kiasi hicho huchukua mamia ya mamilioni ya miaka kujilimbikiza.

Ramli nyingine nazipitia haraka. Ili kuirusha Zuhura itoke kwenye mvutano wa Mshtarii unahitaji mwendo wa kilomita 60 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nishati, inakaribia yote inayotolewa na Jua kwa miezi tisa. Mshtarii kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heli, Zuhura ni miamba na chuma, kwa hiyo mtoto hafanani na anayedaiwa kuwa mzazi. Njia ya nyota yenye mkia huwa ndefu na iliyobanwa kama yai, lakini njia ya Zuhura kuzunguka Jua ndiyo inayokaribia duara kuliko za sayari nyingine zote. Kuhusu mwaka kubadilika urefu na Dunia kuyumba hadi 687 KK, Wachina wa dola ya Lu waliandika kupatwa kwa Jua kulikotimia, ambako kwa kalenda yetu ni tarehe 17 Julai 709 KK. Ukirudisha nyuma mwendo wa Dunia na Mwezi wa leo, kwa kuzingatia tu kupungua polepole kwa mzunguko wa Dunia, kivuli kinaangukia palepale. Dunia isingesukwasukwa miaka 22 baadaye halafu hesabu ikakubali hivyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza: kibao cha udongo chenye namba K.160, kilichofukuliwa Ninawi. Ni nakala ya karne ya saba KK ya kumbukumbu za zamani zaidi, za enzi ya mfalme Ammisaduqa wa Babeli, karne ya 17 KK kwa hesabu inayotumiwa sana. Kwa miaka 21 makuhani walikuwa wakiiangalia Zuhura. Maandishi yake yanafuata mtindo mmoja mstari kwa mstari: mwezi fulani, siku fulani, Zuhura ilitoweka magharibi, ilikosekana siku kadhaa, ikaonekana tena mashariki, na mwisho wake utabiri, kwamba kutakuwa na mvua, au vita, au mavuno mema. Makuhani walitaka huo utabiri. Sisi tunataka hizo tarehe.

Zuhura hurudi mahali pale pale mbele ya macho yetu kila baada ya siku 584. Zidisha kwa 5, unapata 2,920, ambayo ni sawa na siku 365 mara 8. Ndiyo maana kila miaka minane Zuhura hurudia mchezo wake karibu siku zilezile, na mdundo huo wa miaka minane unasikika ndani ya kile kibao. Baadhi ya mistari ina makosa, kama inavyotokea maandishi yakinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi. Velikovsky alidaka makosa hayo akasema: tazama, sayari ilikuwa inatangatanga! Kuhusu umri wa kumbukumbu zenyewe, uliotangulia kuzaliwa kwa Zuhura yake, alisema zimekadiriwa vibaya, zisogezwe mbele. Lakini huko Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, vibao vya takriban mwaka 3000 KK vinataja sikukuu za Inanna wa asubuhi na za Inanna wa jioni. Inanna ndiye Zuhura. Watu walikuwa wanaichinjia kondoo sayari hiyo asubuhi na jioni miaka 1,500 kabla ya kuzaliwa kwake.

Februari 1974, huko San Francisco, chama kikuu cha wanasayansi wa Marekani hatimaye kilimkaribisha mzee aje kujieleza. Alikuwa na miaka 78. Sagan alileta orodha yake ya hoja, na Peter Huber, mwanahisabati kutoka Zurich aliyeijua kazi ya vibao vya Babeli, akaeleza kile ambacho K.160 inasema na ambacho haisemi. Hoja ya Huber ndiyo iliyokuwa nzito, na kwa sababu haikuwa na vichekesho haikuvuma kama ya Sagan. Velikovsky hakubadilisha neno. Wafuasi waliotoka ukumbini walisema ameshinda, wataalamu wakasema ameshindwa. Baadaye Sagan, ambaye hakuona chochote cha kuokoa katika nadharia ile, alisema hadharani kwamba jambo baya kuliko yote katika mkasa huu lilikuwa jaribio la kukizima kitabu. Velikovsky alifariki Novemba 1979 nyumbani kwake Princeton.

Katika Milima Nyeupe ya California kuna msonobari uliopachikwa jina la Methuselah. Umri wake unapita miaka 4,800, umehesabiwa kwa pete za shina lake. Katika mwaka ambao Dunia nzima inadaiwa kuungua kwa mafuta na kupunguza mwendo, mti huo ulikuwa tayari na zaidi ya miaka elfu moja, umesimama mahali palepale.

Ajabu ni kwamba wanaastronomia wa leo wanazungumzia sayari kuhama na kugongana bila kuona haya. Wengi wao wanaamini Mwezi ulizaliwa pale mwili wenye ukubwa kama wa Mirihi ulipoigonga Dunia changa, miaka zaidi ya bilioni 4 iliyopita. Na mwaka 2009 Jacques Laskar na Mickaël Gastineau, wa Paris, walichapa katika jarida la Nature matokeo ya kuziendesha sayari kwenye kompyuta kwa miaka bilioni 5 ijayo. Walirudia mara 2,501, kila safari wakisogeza mahali pa kuanzia pa Utaridi kwa kiasi kisichofika milimita moja. Katika takriban safari 1 kwa kila 100 njia ya Utaridi iliharibika. Katika moja kati ya zote 2,501, vurugu lilifika hadi kwetu, na ikawezekana Zuhura kuigonga Dunia. Muda uliotajwa ni miaka zaidi ya bilioni 3 kuanzia sasa.